Arifa Zisizo na Msikilizaji: Pima Kabla Hujazizima

Ukitunza mfumo mdogo wa kumbukumbu, uwe wa chama cha ushirika, wa duka la pembejeo au wa ofisi ya mji, ipo siku utakutana na swali hili: kanzidata inatuma arifa kila rekodi inapoingia, lakini upande wa pili hakuna anayezipokea. Je, seva inaumia? Wengi hujibu kwa haraka. Mmoja huogopa kwamba arifa zinalundikana mpaka diski ijae, hivyo anazizima zote jioni hiyo hiyo. Mwingine hudhani kitu kisichosikilizwa hakina uzito wowote, hivyo anaacha kila jedwali lipige kelele mchana na usiku. Wote wawili wamekosea, na kosa lao lina chanzo kimoja. Arifa isiyo na msikilizaji hailundikani. Gharama yake hulipwa papo hapo na anayeituma, wakati muamala wake unapothibitishwa. Kinacholundikana ni arifa za msikilizaji aliyejiandikisha kisha akaacha kusoma. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuzitofautisha hali hizo, kuzipima, na kuamua cha kufanya bila kubahatisha.

Tuweke mfano Kitandililo, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe. Tuseme chama cha ushirika cha wakulima wa parachichi kina kituo cha kupimia mazao kijijini, na ofisi yake ya usafirishaji iko Makambako mjini, mahali ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inakutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita. Kila kreti inapopimwa Kitandililo, rekodi inaingia kwenye kanzidata ya PostgreSQL, na arifa inatoka ili kioo cha kompyuta ya ofisini kijisasishe na mpangaji wa magari ajue mzigo umefikia tani ngapi. Ofisi hufungwa jioni, kioo huzimwa, lakini upimaji huendelea. Kuanzia hapo kila arifa inatoka bila mpokeaji. Nimechagua PostgreSQL kwa sababu haina ada ya leseni, na kwa sababu ndiyo kanzidata inayobeba DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao Tanzania inautumia kitaifa. Ujuzi utakaoupata kwa mfumo mdogo hautapotea ukikabidhiwa mkubwa.

Kinachotokea ndani ya seva

PostgreSQL ina amri mbili za kazi hii. Programu inayotaka kusikia hutoa amri ya LISTEN na kutaja jina la chaneli, tuseme mizani. Programu inayotaka kutangaza hutoa NOTIFY kwenye chaneli hiyo, au huita pg_notify, ikiambatanisha ujumbe mfupi ukitakiwa; kwa mpangilio wa kawaida ujumbe huo lazima uwe chini ya baiti 8,000. Mara nyingi si programu inayotoa NOTIFY moja kwa moja bali ni triga iliyofungwa kwenye jedwali. Arifa haitoki mpaka muamala uthibitishwe. Muamala ukifutwa, arifa nayo inafutika. Tabia yake ni ya mbiu ya mgambo: aliyekuwepo kijijini atasikia, aliyekuwa shambani hatasikia, na hakuna atakayemhifadhia sauti ile mpaka arudi. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka. NOTIFY si sanduku la barua, na mfumo unaotegemea kwamba kila arifa itamfikia mtu umejengwa vibaya hata kama seva yake ni ya nguvu kiasi gani.

Muamala wenye arifa unapofika hatua ya kuthibitishwa, seva hufanya mambo matatu, awepo msikilizaji au asiwepo. Kwanza, huupa muamala namba yake rasmi, hata kama haukubadilisha jedwali lolote. Pili, hushika kufuli moja ambalo ni la seva nzima, si la kanzidata yako peke yake, ili arifa ziingie kwenye foleni kwa mpangilio ule ule ambao miamala imethibitishwa. Tatu, huandika arifa kwenye foleni ya pamoja. Baada ya hapo ndipo huangalia nani wa kuamshwa. Ikiwa hakuna aliyejiandikisha popote, haiamshi mtu, na mkia wa foleni husogezwa hadi kichwani kila baada ya kurasa chache, nafasi ikarudi kutumika. Ndiyo maana nasema hakuna lundo. Foleni ya mfumo usio na msikilizaji hata mmoja hubaki ndogo, uiache siku moja au mwaka mzima.

Huenda umesikia kwa mafundi wa zamani kwamba arifa huchafua kanzidata. Walikuwa na sababu. Kabla ya toleo la 9.0, lililotoka mwaka 2010, wasikilizaji waliandikwa katika jedwali la mfumo liitwalo pg_listener, na kila arifa ilibadilisha safu za jedwali hilo na kuacha safu mfu za kusafishwa. Toleo la 9.0 liliondoa jedwali hilo, likaweka foleni, na likaruhusu arifa kubeba ujumbe. Onyo la wakati ule halifai tena kama kanuni ya leo. Gharama imehama kutoka kwenye uchafu wa jedwali hadi kwenye kufuli la uthibitisho.

Gharama halisi iko kwenye kufuli

Kufuli hilo hushikwa mpaka muamala umalize kuthibitishwa, na ndani ya muda huo umo muda wa kusubiri diski ithibitishe kwamba kumbukumbu imeandikwa kweli. Kwa kawaida miamala mingi inaweza kuisubiri diski kwa pamoja na kunufaika na uandishi mmoja. Miamala yenye arifa hainufaiki hivyo. Huenda mmoja mmoja. Chukua diski ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika, aina inayopatikana bado katika kompyuta nyingi zilizogeuzwa kuwa seva. Huzunguka mara 120 kwa sekunde. Ikiwa kila uthibitisho unagharimu takriban mzunguko mmoja, dari yako ni kama miamala 120 yenye arifa kwa sekunde, kwa seva nzima, hata uwe na prosesa kumi na sita. Diski ya SSD huinua dari hiyo juu sana, lakini haiiondoi. Mwaka 2025 kampuni ya Recall.ai ilieleza hadharani jinsi kufuli hili lilivyozuia kanzidata yake pale waandishi wengi walipotuma arifa kwa wakati mmoja, huku prosesa na diski zikionekana kupumzika. Dalili hiyo ndiyo inayowachanganya wengi: mfumo umekwama, lakini hakuna kifaa kinachoonekana kuchoka.

Sasa rudi Kitandililo na upige hesabu yako. Tuseme kituo kinapima mara 2,000 kwa siku katika msimu, ndani ya saa nane. Hiyo ni arifa moja kwa kila sekunde 14. Ukiiweka mbele ya dari ya 120 kwa sekunde, ni mzigo usioonekana, awepo anayepokea au asiwepo. Anayezima arifa hizo kwa nia ya kuokoa seva hajaokoa kitu. Lakini tuseme mwisho wa msimu unaingiza kumbukumbu 40,000 zilizokuwa kwenye madaftari na faili za zamani, kila moja kwa muamala wake, na triga ikiwa imewashwa. Kwa diski ile ile, kazi hiyo itakula zaidi ya dakika tano kwa kusubiri kufuli peke yake, na kila programu nyingine inayotuma arifa kwenye seva hiyo itapanga mstari nyuma yako. Ofisi imefungwa, hakuna anayesikia hata arifa moja, na bado bei imelipwa yote. Hapa ndipo arifa isiyo na mpokeaji inapouma: katika uingizaji wa mkupuo na katika waandishi wengi wa wakati mmoja, si katika kazi ya kila siku.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji kununua kitu. Ingiza kumbukumbu kwa mafungu, elfu moja au zaidi kwa kila muamala, ili kufuli lishikwe mara moja kwa fungu. Badilisha triga ya kila safu iwe triga ya kila amri, ile inayoandikwa FOR EACH STATEMENT, ili amri moja itoe arifa moja hata kama imegusa safu mia tano. Na ujumbe uwe ule ule kila mara, au usiwepo kabisa: PostgreSQL inapoona arifa mbili zinazofanana kwa chaneli na ujumbe ndani ya muamala mmoja, hutuma moja tu. Arifa inayosema kuna jipya kwenye mizani inatosha. Anayetaka kujua ni lipi atalisoma kwenye jedwali.

Hali tatu zinazofichwa na neno moja

Ukisema hakuna anayepokea, huenda unaelezea hali moja kati ya tatu, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ndiyo tuliyoieleza: hakuna msikilizaji popote kwenye seva. Gharama ni namba ya muamala, kufuli na maandishi machache kwenye foleni. Ya pili ni kwamba wasikilizaji wapo, lakini wako kwenye chaneli nyingine. Katika matoleo yanayotumika zaidi leo, kila muunganisho unaosikiliza ndani ya kanzidata ile ile huamshwa, husoma arifa yako kwenye foleni, hugundua haimhusu, kisha hurudi kulala. Wakiwa wawili watatu, si kitu. Wakiwa mia mbili, kila arifa moja inaamsha michakato mia mbili kwa kazi ya bure, na prosesa italiona hilo. Kama una programu nyingi zinazosikiliza, ipe programu moja kazi ya kusikiliza kwa niaba ya zote, isambaze yenyewe.

Hali ya tatu ndiyo ya hatari: msikilizaji aliyejiandikisha kisha akaacha kusoma. Labda programu ilitoa LISTEN, ikafungua muamala, ikausahau wazi. Labda umeme umekatika ofisini, kompyuta ikazimika ghafla, na seva haijajua kwamba upande wa pili haupo. Mkia wa foleni hauwezi kumpita msikilizaji aliye nyuma kuliko wote, kwa hiyo arifa za wote zinabaki kwa ajili yake. Foleni kwa kawaida ina nafasi ya GB 8, na ikijaa, kila muamala unaotuma arifa utashindwa kuthibitishwa. Hapo si arifa tu zinazokosekana. Mizani ya Kitandililo haiwezi tena kuingiza rekodi. Na kwa kuwa foleni ni ya seva nzima, msikilizaji aliyelala katika kanzidata ya duka anaweza kuzuia kazi ya kanzidata ya ushirika, ingawa hazina uhusiano wowote.

Hatari hii nayo ina vipimo vyake. Arifa yenye jina fupi la chaneli na namba ya rekodi hula baiti zipatazo 32 kwenye foleni. GB 8 zinaweza kubeba arifa za aina hiyo zaidi ya milioni 260. Kwa 2,000 kwa siku, utahitaji zaidi ya miaka 300 kuzijaza. Lakini mfumo unaobandika rekodi nzima kwenye ujumbe, tuseme baiti 4,000, na kutuma 50 kwa sekunde, utaijaza foleni hiyo hiyo ndani ya saa 12. Msikilizaji aliyelala saa mbili usiku atakuwa amesimamisha kazi kabla ofisi haijafunguliwa. Tofauti kati ya miaka 300 na usiku mmoja haikuletwa na seva, imeletwa na uamuzi wa mtu aliyeandika triga. Fupisha ujumbe.

Namna ya kupima

Anza na amri hii: SELECT pg_notification_queue_usage(). Itakupa namba kati ya 0 na 1, sehemu ya foleni iliyotumika. Ipime mchana wakati wa kazi, kisha usiku wakati hakuna anayesikiliza. Ikibaki karibu na sifuri, huna lundo, na mjadala wa diski umefungwa. Ikipanda bila kushuka, una msikilizaji aliyelala. Foleni ikivuka nusu, PostgreSQL yenyewe huandika onyo kwenye kumbukumbu za seva na kutaja muunganisho unaozuia usafishaji. Zisome kumbukumbu hizo kila wiki.

Pili, tafuta nani anasikiliza. Amri ya pg_listening_channels huonyesha chaneli za muunganisho wako mwenyewe tu, isikudanganye. Angalia pg_stat_activity, ambamo muunganisho uliotulia baada ya kusikiliza huonyesha LISTEN kama amri yake ya mwisho. Ili kazi iwe nyepesi, kila programu ijitambulishe kwa application_name inayoeleweka, kama kioo_ofisi_makambako. Ukiona hali ya idle in transaction kwa muunganisho unaosikiliza, umempata. Tatu, washa log_lock_waits. Kusubiri kufuli kunakozidi muda wa deadlock_timeout, ambao kwa kawaida ni sekunde moja, kutaandikwa. Ukiona watu wanasubiri kitu namba 0 cha daraja namba 1262, hilo ndilo kufuli la arifa. Nne, kama bado una shaka, nakili kanzidata kwenye kompyuta nyingine na uendeshe jaribio la pgbench mara mbili, triga ikiwa imewashwa kisha ikiwa imezimwa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo bei yako halisi.

Kuna mtego mmoja wa kukagua kabla hujakubali kwamba hakuna msikilizaji. Ikiwa programu zinapita kwenye PgBouncer iliyowekwa kugawa miunganisho kwa muamala, LISTEN haifanyi kazi inavyotakiwa: mwandishi wa programu anaamini anasikiliza, na hapokei kitu. Msikilizaji apewe muunganisho wake wa moja kwa moja hadi kwenye seva.

Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza inahusu bando. Atakayesema mtandao wa kijijini ni ghali, na kila arifa isiyosikilizwa ni fedha iliyopotea, ameweka gharama mahali pasipo pake. Uchujaji hufanyika ndani ya seva. Arifa isiyo na aliyejiandikisha kwenye chaneli yake haitoki kwenye waya kabisa. Kinachokula bando ni njia mbadala ambayo wengi huikimbilia baada ya kuzima arifa, yaani kila kompyuta kuuliza kanzidata kila baada ya sekunde tano kama kuna jipya. Hayo ni maswali 17,280 kwa siku kwa kompyuta moja, na mengi yatajibiwa hakuna. Uulizaji wa namna hiyo una nafasi yake ukiwa wa kila dakika kadhaa, kama akiba ya kukamata kilichopotea. Ukiwa ndiyo njia kuu, umebadilisha gharama ndogo kwa kubwa.

Hoja ya pili inasema tuhamie kwenye mfumo maalumu wa foleni, kama Kafka, RabbitMQ au Redis, tuondokane na kufuli. Kwa taasisi yenye maelfu ya miamala kwa sekunde, hoja hiyo ni nzito, nami ningeikubali. Kwa ushirika wenye arifa moja kila sekunde 14, ni kuongeza seva nyingine ya kulinda, kuisasisha na kuitafutia fundi. Na kuhamia mfumo unaotunza ujumbe hakuondoi tatizo la msikilizaji asiyekuwepo, kunaligeuza sura. Ndani ya PostgreSQL yenyewe upo mfano: nafasi ya unakili, yaani replication slot, ambayo hutunza kila badiliko mpaka msomaji wake alichukue. Msomaji akitoweka, mabadiliko hujaza diski kweli kweli, kwani max_slot_wal_keep_size, kikomo kilichoanza toleo la 13, kwa kawaida hakijawekwa. Anayetaka ujumbe utunzwe lazima akubali kulipia utunzaji.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi: ikiwa hakuna anayepokea, kwa nini tutume? Hata gharama ndogo ni gharama, na triga iliyosahaulika humchanganya fundi ajaye. Nakubaliana nayo kwa sharti moja. Ofisi inayofungwa jioni na kufunguliwa asubuhi haina arifa zilizosahaulika; ina msikilizaji wa zamu, na kuwasha na kuzima triga kila siku ni kazi yenye hatari kuliko kuiacha. Lakini chaneli ambayo hakuna programu yoyote iliyobaki inayoitaja ni deni. Itafute katika msimbo wa programu zote, hakikisha, kisha iondoe.

Amua hivi

Hali ya kwanza, arifa chache na msikilizaji wa zamu: ziache, fupisha ujumbe, na uingizaji wa mkupuo ufanye kwa mafungu. Hali ya pili, wasikilizaji wengi wa chaneli tofauti: wapunguze wawe mmoja anayesambaza. Hali ya tatu, msikilizaji aliyelala: weka idle_in_transaction_session_timeout ili muamala uliosahauliwa ukatwe, na upunguze tcp_keepalives_idle, kwa sababu kwa kawaida Linux husubiri saa mbili kabla ya kuanza kuchunguza kama upande wa pili bado upo; sekunde 60 zinatosha. Chaneli isiyo na mwenyewe: ifute.

Katika hali zote, programu inayosikiliza iandikwe ili kila inapounganishwa upya itoe LISTEN kwanza, ithibitishe, kisha isome jedwali kutoka rekodi ya mwisho iliyoijua. Mpangilio huo ni wa lazima, kwani ukisoma kwanza na kusikiliza baadaye, rekodi iliyoingia katikati itakupita. Kioo cha Makambako kikiwashwa asubuhi, kreti zote za jioni zitaonekana ingawa hakuna arifa yake hata moja iliyopokelewa. Mkulima aliyeleta mazao Kitandililo anastahili kilo zake zihesabiwe, na hesabu hiyo iko salama kwenye jedwali. Linda jedwali kwanza, na uiachie arifa kazi yake ya kuharakisha habari.